Kupisha, Kutwaa na Fidia: Uhakiki wa Lugha ya Uondoaji wa Makazi

Simbo ni kata ya Wilaya ya Kigoma, bara kidogo kutoka mji mkongwe wa Ujiji, mahali inapoanzia njia iendayo kusini, Ilagala hata Kalya. Nyumba za mahali kama hapo hupenda kukaa kando ya barabara, kwa kuwa barabara ndiyo soko, ndiyo habari na ndiyo safari. Lakini kukaa kando ya barabara ni kukaa pia mbele ya macho ya mpimaji. Katika Tanzania ya leo, nyumba ya namna hiyo ikitakiwa kuondoka huandikwa ukutani herufi moja tu: X. Kwa desturi ya barabara kuu, X nyekundu humwambia mwenye nyumba kwamba aliifuata barabara katika hifadhi yake, na kwa hiyo hatalipwa. X ya kijani humwambia kwamba barabara ndiyo iliyomfuata yeye, pale Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipoipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na kwa hiyo atalipwa. Herufi hiyo haimo katika abjadi ya Kiswahili sanifu. Hapana neno hata moja la Kiswahili liandikwalo kwa X, na hata hivyo hapana herufi isomwayo kwa wepesi kuliko hiyo, hata na mtu asiyejua kusoma.

Kwa barabara, herufi hiyo yatosha. Aliyebomolewa na aliyebakizwa wataitembea wote kesho yake, mmoja kwa uchungu na mwingine kwa furaha, lakini wote kwa haki moja. Mambo hubadilika nyumba inapoondolewa ili pajengwe ghala la mfanyabiashara, maduka, hoteli, au uwanja wa mwekezaji. Hapo herufi haitoshi, maana mwenye nyumba atauliza swali ambalo barabara ilikuwa imekwisha kulijibu: kwa nini kilicho changu kiwe cha mwingine? Swali hilo hujibiwa kwa maneno. Kiswahili cha ofisi na cha magazeti kimejitengenezea maneno yake ya kulijibu: *kupisha*, *kutwaa*, *manufaa ya umma*, *fidia*, *usumbufu*, *makazi holela*. Maneno hayo yametumika kwa wingi pasipo kupimwa na wanaoshughulika na lugha. Uhakiki huu unayapima.

Sababu ya kuyapima sasa

Mwaka 1977 Katiba ya Jamhuri ya Muungano iliandikwa kwa Kiswahili, na katika mahakama za mwanzo watu wameshtakiana kwa lugha hiyo muda mrefu. Lakini sheria nyingi za ardhi zilitungwa kwa Kiingereza, na mahakama za juu zilitoa hukumu zake kwa Kiingereza. Neno la Kiswahili lilikuwa kivuli. Mgogoro ulipofika juu, kilichopimwa ni mwili, wala si kivuli chake. Mwaka 2021 Bunge liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo kivuli kimeanza kuwa mwili. Neno lililolegea katika gazeti humchosha msomaji. Neno hilohilo likiingia katika sheria laweza kumtoa mtu nyumbani kwake, au kumrudisha.

Kwa mkoa wa Kigoma jambo hili si la mbali. Reli ya kwanza ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa kufika kwake bandari changa ya Kigoma iliipita Ujiji, mji uliokuwa na biashara yake kabla ya Burton na Speke kuufikia mwaka 1858. Desemba 2022 ulitiwa sahihi mkataba wa reli mpya ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilometa 506. Reli ni njia, na njia ni ya wote. Lakini kila penye reli hufuata maghala, vituo vya mizigo na viwanja vya uwekezaji, na hivyo si vya wote. Maneno yatakayotumiwa hapo ni hayahaya yanayohakikiwa.

Kupisha

Neno lipendwalo kuliko yote ni *kupisha*. Wakazi huambiwa wapishe mradi. Magazeti huandika kwamba kaya kadha wa kadha zimepisha upanuzi. Kwa asili ya kisarufi neno hili ni kauli ya kusababisha ya *pita*, na kwa asili ya adabu ni tendo la uungwana. Kijana humpisha mzee katika kijia chembamba. Aliyeketi mlangoni humpisha mwenye mzigo. Chombo kidogo hukipisha kikubwa mlangoni mwa bandari. Asiyepisha hana adabu. Hivyo ndivyo neno linavyofanya kazi yake: kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa kuuliza, amekwisha kuwekwa mahali pa mtu aliyeziba njia.

Yafaa tendo lenyewe litazamwe kwa makini. Kupisha kuna masharti matatu. Kwanza, njia si mali ya apishaye wala ya apishwaye. Wote wawili ni wapita njia. Pili, apishwaye hupita, akaenda zake. Tatu, aliyepisha hurudi katika njia yake na kuendelea na safari. Hakuna hata moja kati ya masharti hayo lipatikanalo katika uondoaji wa makazi kwa ajili ya biashara. Mahali pale palikuwa nyumba ya mtu, wala hapakuwa njia. Apishwaye hapiti, huja akakaa. Na aliyepisha harudi.

Lipo jambo la ajabu zaidi: mara nyingine apishwaye hatokei kabisa. Wakazi wa Shimo la Udongo, katika kata ya Kurasini mjini Dar es Salaam, waliondoka katika miaka ya 2010 ili kupisha kituo kikubwa cha biashara karibu na bandari, na kwa muda mrefu baada ya nyumba kubomolewa mahali pale palibaki wazi. Huko Bagamoyo, uthamini wa mali za wakazi wa Zinga, Mlingotini, Pande na jirani zao kwa ajili ya eneo maalumu la uchumi ulianza mwaka 2008. Jiwe la msingi la bandari liliwekwa Oktoba 2015, na mwaka 2019 mradi ulisimamishwa, ingawa mazungumzo yake yalifufuliwa baadaye. Kwa lugha ya njia, watu walipisha, na aliyepishwa hakupita. Kiswahili kinayo maneno mengi ya mahali palipoachwa na watu: *mahame*, *maganjo*, *magofu*. Yote yasema kwamba watu walihama, au kwamba jengo lilichakaa. Lugha haina bado neno la mahali ambapo watu waliondolewa kwa ajili ya kitu ambacho hakikujengwa, ingawa mahali pa namna hiyo pamekwisha kuonekana.

Wapo watakaosema kwamba *kupisha* ni neno la huruma, kwamba Serikali ingeweza kusema *kufukuza*, na kwamba kauli njema haigharimu. Hoja hiyo ina uzito wake, maana ukali wa maneno hauongezi haki ya mtu. Lakini upole wa neno hupimwa kwa yule anayeondoka, si kwa yule anayelitamka. Mtu akiambiwa apishe, hana neno la kukataa ila neno la utovu wa adabu. Akiambiwa kwamba nyumba yake inatwaliwa, anaweza kuuliza: kwa sheria gani, kwa bei gani, na kwa ajili ya nani? Neno la kwanza huufunga mjadala, la pili huufungua.

Kutwaa na kunyang'anya

Sheria ya mwaka 1967 inayotawala jambo hili hujulikana kwa Kiswahili kuwa Sheria ya Utwaaji wa Ardhi. *Kutwaa* ni neno zito na la heshima. Mshindi hutwaa kombe. Misibani watu husema Mungu ametwaa, nao wanakusudia kwamba aliyetwaa ndiye mwenyewe, na kilichotwaliwa kimerudi kwake. Maana hiyo yaafikiana na sheria ya ardhi, ambayo yasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, imewekwa chini ya Rais akiwa mdhamini. Atwaaye ardhi, kwa fikira hiyo, hutwaa kilicho mikononi mwake tayari.

Lakini nyumba si ardhi. Katika mila ya Waswahili wa pwani mambo hayo mawili hutengana waziwazi: Mombasa hata leo inajua nyumba ambazo wenyewe wanamiliki kuta na paa tu, na kiwanja ni cha mtu mwingine. Mwenye kiwanja hakudai kamwe kwamba nyumba ni yake kwa kuwa imesimama juu ya udongo wake. Kwa hiyo neno *kutwaa*, likifaa kwa ardhi, halifai kwa nyumba pasipo maelezo zaidi. Ndipo ionekanapo hekima ya waandishi wa Katiba. Katika Ibara ya 24, inayolinda haki ya kumiliki mali, hawakutumia *kutwaliwa*. Walitumia *kunyang'anywa*, na wakalipiga marufuku jambo hilo isipokuwa kwa idhini ya sheria yenye masharti ya fidia inayostahili. Tendo ni moja, vitenzi ni viwili. Sheria inasema kutwaa, nayo inamtazama atendaye. Katiba inasema kunyang'anywa, nayo inamtazama atendewaye. Mfasiri wa sheria anayechagua kati ya vitenzi hivyo anachagua pia upande wa kusimama.

Mkoa wa Kigoma una kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, na watu wakakusanywa vijijini. Kitenzi cha siku hizo kilikuwa *kuhamia*: watu walihamia vijijini, kana kwamba miguu ndiyo iliyoamua. Walioacha migomba na viwanja vya wazee wao walikuta baadaye kwamba sarufi ile ilikuwa na matokeo. Aliyehama kwa hiari yake hana cha kudai. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta haki za asili katika vijiji vilivyoanzishwa, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwa kiongozi wa jopo, ikaamua katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24. Mahakama ilikataa fikira inayowafanya wenyeji wa nchi kuwa maskwota katika nchi yao. Uamuzi huo uliandikwa kwa Kiingereza. Kazi ya kuupatia Kiswahili kinacholingana nao haijakwisha.

Nyumba na majumba

Mwaka 1971 Serikali iliyatwaa majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, mengi yao yakiwa ya kupangishwa, na mengi yakiwa ya watu wa asili ya Kihindi. Chombo kilichokabidhiwa majengo hayo kiliitwa Msajili wa Majumba. Haikuwa bahati kwamba kiliitwa hivyo. Shirika lililoanzishwa mapema kwa ajili ya kujenga liliitwa Shirika la Nyumba la Taifa; ofisi ya kutwaa iliitwa ya *Majumba*. Kwa kubadili umbo la neno, *nyumba* ikawa *jumba*, na jumba ni kubwa kupita haja ya mtu. Ngeli ya ukuzi ilifanya kazi ya hoja: mwenye jumba hawezi kulia kama mwenye nyumba. Hapana shaka kwamba dhuluma za kodi za nyumba zilikuwapo, na wapangaji wengi walifurahi. Hata hivyo wapo waliokuwa na jengo moja tu, lililokuwa pia kitanda chao na jiko lao. Na majengo yaliyozidi umri wa miaka kumi hayakulipiwa kitu. Sarufi haikuwa na nafasi ya kuwatenga hao. Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba, na neno *majumba* likatoka katika kibao cha ofisi.

Leo mwelekeo umegeuka. Hayatwaliwi majumba ili yawe nyumba za wengi. Zinatwaliwa nyumba ili yajengwe majumba. Sarufi nayo imegeuka kinyumenyume. Kabla ya kubomolewa, nyumba hudogoshwa: huwa *kibanda*, huwa *vijumba*, na mtaa mzima huwa *makazi holela*. Neno *holela* lasema kwamba waliojenga hawakufikiri. Mara nyingi walifikiri sana, wakajenga kwa kadiri ya fedha zao mahali ambapo viwanja vilivyopimwa havikuwafikia. Na liko neno jingine ambalo lapasa kuwauma wapenzi wa lugha hii kuliko wengine: mitaa ya namna hiyo huitwa *uswahilini*. Jina la lugha iliyotukuzwa katika Katiba na katika mahakama limekuwa jina la mahali panapofaa kubomolewa.

Ukubwa na udogo wa ngeli si mapambo. Mnamo 1971 nyumba ilikuzwa ili itwaliwe. Katika miaka hii inadogoshwa ili itwaliwe. Mhakiki wa lugha anapoona neno moja likivutwa pande mbili kwa kusudi moja, hana budi kushuku kusudi hilo, na kudai kwamba katika hati za sheria nyumba iitwe nyumba.

Matumizi ya umma na manufaa ya umma

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Sheria ya 1967 inamruhusu Rais kutwaa ardhi kwa haja ya umma, nayo inaitaja haja hiyo kwa upana: matumizi ya Serikali, matumizi ya watu wote, na pia kupata nafasi kwa maendeleo ya viwanda, ya kilimo au ya biashara. Kwa Kiswahili cha kawaida vyote hivyo huingizwa katika kapu moja liitwalo *manufaa ya umma*. Hospitali imo, shule imo, na duka la mwekezaji limo.

Tofauti ya *matumizi* na *manufaa* si ya kuchezewa, na ushahidi wake uko ng'ambo ya bahari. Katiba ya Marekani, katika Rekebisho la Tano la mwaka 1791, inataja matumizi ya umma kuwa ndiyo sababu ya kutwaa mali ya mtu. Katika mji wa New London, jimbo la Connecticut, halmashauri iliamua kuwaondoa wenye nyumba wa mtaa wa Fort Trumbull ili pajengwe hoteli, ofisi na makazi mapya karibu na jengo la utafiti la kampuni ya dawa ya Pfizer. Mwenye nyumba mmoja, Susette Kelo, alikwenda mahakamani pamoja na jirani zake. Juni 2005 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba matumizi yaweza kusomwa kuwa *kusudi*, na kwamba kuongeza ajira na kodi za mji ni kusudi la umma lililo halali. Nyumba ziliondoka. Mwaka 2009 Pfizer ilitangaza kuondoka New London, na uwanja uliotwaliwa ulibaki mtupu kwa miaka mingi. Majimbo zaidi ya 40 yalibadili sheria zao baada ya hukumu hiyo, mengi yakijaribu kulirudisha neno katika maana yake ya mwanzo.

Funzo la shauri hilo kwa Kiswahili ni hili. Waamerika walikuwa na neno jembamba, wakalipanua kwa hukumu, kisha wakahangaika kulipunguza. Kiswahili kimeanza na neno pana. *Manufaa* hayana mipaka, kwa maana hapana biashara isiyomnufaisha mtu fulani. Muuza chai wa Simbo huunufaisha umma, kwa kuwa umma hunywa chai. Hata hivyo hapana atakayedai kwamba jirani yake aondolewe ili meza ya chai ipanuliwe. Lau ingeulizwa ni nini kinachomzuia muuza chai na kisichomzuia mwekezaji, jibu lisingepatikana katika neno *manufaa*. Lingepatikana katika ukubwa wa mtaji tu.

Tiba yake ya kilugha ipo. Jina *manufaa* humficha anayenufaika, kitenzi humtaja. Afisa akiandika kwamba nyumba zinatwaliwa kwa manufaa ya umma, hajasema lolote linaloweza kupimwa. Akilazimika kuandika kwamba mradi *utawanufaisha* watu fulani, sharti awataje. Na akishawataja, hakimu anaweza kuwahesabu. Kwa hiyo ingefaa Kiswahili cha sheria kiweke daraja mbili: *matumizi ya umma*, kwa kitu ambacho mtu yeyote, pamoja na aliyeondolewa, anaweza kukitumia kwa haki, na *biashara yenye manufaa*, kwa kitu kilicho cha mwenyewe, ijapokuwa wengine watapata kazi au kodi humo. Daraja la pili si lazima likatazwe. Nchi maskini inahitaji viwanda na maghala, na Kigoma inavihitaji zaidi kuliko mikoa mingi. Lakini daraja hilo lisijifiche chini ya jina la la kwanza, wala masharti yake yasiwe yaleyale.

Fidia na usumbufu

Neno la mwisho ndilo wenye nyumba wanalolijua kuliko yote. *Fidia* limetoka katika Kiarabu, nalo lina historia ya dini. Kwa Waislamu ni kile kitolewacho na asiyeweza kufunga, kwa kumlisha maskini. Kwa Wakristo ni gharama ya kukomboa. Katika njia zote mbili fidia hutolewa ili kitu kilichofungwa kiachiliwe: atoaye hulipa, na kwa malipo yake mtu au deni hufunguliwa. Katika utwaaji mambo yako kinyume. Alipaye fidia ndiye anayeondoka na kitu, na alipwaye ndiye anayekikosa. Hii si fidia kwa maana ya asili. Ni bei iliyopangwa na mnunuzi, katika mauzo ambayo muuzaji hakuyaanzisha.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imejitahidi. Inadai fidia iliyo kamili, ya haki na ya haraka, na inataja sehemu zake: bei ya soko, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, hasara ya faida au ya makazi, na gharama za kuipata ardhi inayohusika. Kanuni za mwaka 2001 zinadai riba ikiwa malipo yamepita miezi sita. Kwa kiasi hicho sheria imeupita mtindo wa zamani wa kulipia maendelezo tu, mtindo ambao watu waliutungia jina lake sahihi kabisa: *kifuta jasho*. Jasho hufutwa, likasahauliwa. Haliuzwi wala halinunuliwi. Mahakama ya Rufani mwaka 1994 ilikuwa karibu na fikira hiyo ya watu ilipokubali kwamba kazi ya mikono ya mwenye ardhi ni sehemu ya thamani yake.

Lakini neno *usumbufu* lingali linakwaruza. Usumbufu ni wa mgeni aliyegonga mlango usiku. Ni wa fundi aliyeufunga mtaa saa mbili. Mtu huombwa radhi kwa usumbufu, akasema hapana neno. Kuondolewa katika nyumba ambamo watoto walizaliwa si usumbufu, na hapana mtu aliyesikiwa akiliita hivyo ila yule anayelipa. Sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi inaonyesha kwamba watunga sheria walijua kuna vitu ambavyo havikai katika hesabu ya soko, maana kaburi haliuzwi. Nyumba iko katikati: ina bei kama bidhaa, na ina wafu na walio hai kama kaburi. Neno litakalochukua mahali pa *usumbufu* halina budi kuijua hali hiyo. *Hasara ya makazi* ni jina kavu, lakini angalau ni la kweli.

Wapo pia wasiotajwa na neno lolote. Mpangaji hupoteza mahali pake siku ileile anayoondoka mwenye nyumba, na fidia humpita kama mvua ya kijiji cha pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 40, imeruhusu malipo kwa mkazi mwenye nia njema hata asipokuwa na hati. Kiswahili cha sheria za Tanzania kinaweza kuanza kwa jambo dogo zaidi: kutofautisha *mwenye nyumba* na *mkazi*, na kutolitumia neno *wananchi* mahali ambapo wengine hulipwa na wengine hawalipwi.

Tangazo lililosahihishwa

Faida ya uhakiki wa namna hii yaweza kujaribiwa kwa tangazo moja. Kwa mtindo ulioenea, lingesomeka hivi: wananchi wa makazi holela wanaombwa kupisha mradi wa uwekezaji kwa manufaa ya umma, na watalipwa fidia na posho ya usumbufu. Sentensi hiyo haina mtenda, haina mpokeaji, na haina mahali pa kuuliza. Kwa maneno yaliyopimwa, tangazo hilohilo lingesema: Serikali inazitwaa nyumba hizi, inampa kampuni fulani mahali hapa kwa miaka kadha, kampuni itajenga maduka yake, watakaonufaika ni hawa na hawa, mwenye nyumba atalipwa bei ya soko na hasara ya makazi kabla ya tarehe hii, mkazi asiye na nyumba atapewa hiki, na kama maduka hayatajengwa katika muda huu, mahali hapa patarudishwa kwao.

Tangazo la pili ni refu kuliko la kwanza, na afisa wa ofisi atalilalamikia. Baadhi ya ahadi zake hazimo bado katika sheria, hasa ile ya mwisho, na kwa sababu hiyo tangazo la kwanza halikuwa na haja ya kuzitaja. Maneno mapana yaliufunika upungufu. Mwenye nyumba wa Simbo, akisomewa tangazo la kwanza, ataitikia kwa adabu na kurudi ndani kufungasha. Akisomewa la pili, atakuwa na maswali matano, na kila swali litakuwa na mtu wa kulijibu. Wafasiri wa sheria na watungaji wa kamusi ndio watakaoamua ni tangazo lipi kati ya hayo mawili litakaloandikwa, na kazi hiyo imekwisha kuanza.